Kiwingu Upande wa Kibla

Uani kwetu, pembezoni mwa jiji la Tanga, upo mstari wa saruji usiozidi urefu wa dhiraa tatu. Marehemu baba yangu aliuchora kwa kijiti siku sakafu ilipomiminwa, saruji ingali mbichi, ili mgeni aingiapo nyumbani wakati wa sala asihangaike kuuliza Kibla. Nimeswali juu ya mstari huo tangu utotoni, wala sikudhani hata siku moja kwamba ungekuja kunifaa katika jambo jingine. Jambo lenyewe ndilo nitakalo kulisimulia leo, pamoja na aibu yangu iliyoambatana nalo, kwani moja halielezeki bila ya jingine.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na umri wangu umepindukia miaka 50. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu habari za nuru bila ya mimi mwenyewe kuinua kichwa kuitazama ile itokayo mbali. Mambo yalianza usiku mmoja wa Novemba, miaka mitatu iliyopita, umeme ulipokatika mji mzima baada ya sala ya Isha. Binti yetu Zuhura, aliyekuwa kidato cha kwanza, alitoka uani kukimbia joto, akainua uso, akaniuliza: “Baba, kile pale ni nyota au ni wingu?”

Aliashiria kaskazini, juu ya ukuta, kule kule unakoelekea mstari wa babu yake. Nilitazama, nisione kitu. Nikatazama tena kwa pembe ya jicho, ndipo nikaona doa la ukungu, refu kidogo, mfano wa alama ya kidole chenye unga juu ya buibui. Mwalimu mzima wa fizikia, sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamtafutia, na kesho yake nikatafuta.

Nililolipata lilinishangaza mara mbili. Kwanza, kile si nyota wala si wingu. Ni galaksi ya Andromeda, mkusanyiko wa nyota wenye umbo la gurudumu lililojisokota, mfano wa galaksi yetu wenyewe, ile ambayo ukanda wake tunauona angani tukauita Njia Nyeupe. Pili, mtu wa kwanza ajulikanaye kuwa alikiandika kitu hicho alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu. Abdurrahman as-Sufi alizaliwa Rayy, katika nchi ya Uajemi, mwaka 903, na mnamo mwaka 964 akatunga kitabu chake cha maumbo ya nyota, Suwar al-Kawakib. Alizichukua nyota zilizoorodheshwa na Ptolemy wa Iskandaria karne nane kabla yake, akazikagua kwa macho yake mwenyewe, akasahihisha kiasi cha mwangaza pale alipoona kimekosewa. Na karibu na mdomo wa samaki ambaye Waarabu walimchora kwa nyota za eneo hilo, akaonyesha kwamba pana kiwingu kidogo. Hakuwa na darubini, kwani chombo hicho kilikuja zaidi ya miaka 600 baada yake. Mjerumani Simon Marius alipokitazama kwa darubini mwaka 1612, hata yeye hakuona zaidi ya mwanga hafifu, akaufananisha na mshumaa unaotazamwa usiku kupitia pembe nyembamba.

Ndugu msomaji, wewe nawe waweza kukiona, wala hauhitaji kununua chochote. Ngoja usiku usio na mbalamwezi, katikati ya mwezi wa Novemba, saa tatu na nusu usiku hivi, ukae mahali pasipo na taa. Yape macho yako nusu saa yazoee giza, na simu uiache ndani. Elekea kaskazini. Juu, kushoto kidogo, utaona nyota nne zilizofanya mraba mkubwa. Kutoka pembe ya mraba iliyo chini upande wa kulia, fuata mstari wa nyota unaoshuka kuelekea kulia. Nyota ya kwanza inayong'aa baada ya pembe hiyo ni Mirach, jina lililopotoka kutokana na neno la Kiarabu mi'zar, yaani shuka ya kiunoni, ndugu wa kikoi chetu. Ukifika hapo, acha ule mstari, ushuke kuelekea upeo wa macho ukipita nyota mbili hafifu. Karibu kabisa na ile ya pili, upande wa kushoto, ndipo kilipo kiwingu. Usikikazie macho, bali tazama pembeni yake kidogo. Katikati ya jicho pameumbwa kwa ajili ya kusoma na kupambanua rangi, na pembezoni mwake ndimo zilimo chembe ziwezazo kuhisi nuru chache ya usiku.

Nuru utakayoiona ilianza safari yake miaka milioni 2.5 iliyopita, ikienda kilomita 300,000 kwa kila sekunde. Tangu as-Sufi alipoitazama hadi leo imepita miaka 1,060 na ushei tu, ambayo katika safari kama hiyo ni sawa na hatua chache tu za msafiri atokaye Tanga kwenda Muheza. Na umbali huo haukujulikana upesi. Mapema katika karne ya 20, mtaalamu wa Kimarekani Henrietta Leavitt aligundua kwamba zipo nyota zinazong'aa na kufifia kwa mpango maalumu, na kadiri zinavyochukua muda mrefu kukamilisha mzunguko huo, ndivyo zilivyo na mwanga mkubwa zaidi. Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini ya mlima Wilson huko California, alipata nyota ya namna hiyo ndani ya kiwingu cha as-Sufi, ambayo mzunguko wake ni siku 31 hivi. Kutokana na mzunguko alijua ukubwa wa mwanga wake, na kutokana na ukubwa wa mwanga akajua kwamba nyota inayoonekana hafifu kiasi kile haiwezi kuwa ya kwetu. Ni kama baharia ajuaye taa ya mnara ni kali kiasi gani. Akiiona imefifia, huujua umbali wa pwani.

Baada ya kuyajua haya, nilishikwa na tamaa ya kuipiga picha. Jicho la mwanadamu, pamoja na ustadi wote wa Aliyeliumba, haliweki akiba ya nuru. Huitumia papo hapo na kuiacha ipite. Kamera hukusanya. Ikiachwa wazi dakika nzima, hulimbikiza nuru ya dakika nzima. Ni kwa njia hiyo Mwingereza Isaac Roberts, ambaye hakuwa mnajimu wa kuajiriwa bali mfanyabiashara aliyependa nyota, alipiga picha mwaka 1888 iliyoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba kiwingu kile kimejisokota. Nikajiambia: kama mfanyabiashara aliweza, mwalimu atashindwaje?

Hapa ndipo inapoingia aibu yangu.

Mwezi wa Septemba mwaka uliofuata, zamu ya upatu ya mke wangu ilifika. Alipokea shilingi 450,000, akanikabidhi mkononi. “Baba Zuhura,” akaniambia, “nunua mabati kumi na tano ya jiko kabla ya vuli. Mwaka huu sipiki tena chini ya mwavuli.” Nikapokea, nikasema inshaallah. Siku nne baadaye nikapata habari za mtu aliyekuwa akiuza kamera ya mtumba pamoja na lenzi yake ya milimita 50, kwa bei ambayo niliamini sitaipata tena. Nilijihesabia. Kwa fedha za tuisheni za Oktoba na Novemba ningeziba pengo, na mabati yangenunuliwa kwa kuchelewa kidogo tu. Tena kila mwaka vuli huchelewa, nikajidanganya. Nikanunua kamera, nikaificha shuleni, ndani ya kabati la maabara.

Vuli mwaka ule haikuchelewa. Usiku wa kwanza wa mvua niliamshwa na sauti ya matone yakianguka ndani ya sufuria, moja, kisha jingine, kisha mfululizo. Mke wangu alikuwa amesimama jikoni na kibatari, akizipanga sufuria zake chini ya matundu. Hakugeuka. Aliniuliza tu: “Mabati yako wapi?”

Nilimweleza. Sikumficha lolote, ingawa ukweli uliochelewa namna ile hauna ladha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo bado yanatembea kichwani mwangu. “Ungeniuliza, ningekataa. Ungekasirika siku mbili, na yangekwisha. Sasa hayajaisha.”

Msomaji wa ukurasa huu hahitaji nimkumbushe hukumu ya amana. Sote tumeamrishwa kuzirudisha kwa wenyewe, na sote twaijua khatibu anapoisoma. Lakini mimi nilikuwa nikidhani mtu mwenye kuvunja amana ni yule alaye mali ya yatima au akimbiaye na fedha za msikiti. Sikujiona kwamba naweza kuwa yeye kwa sababu ya elimu, tena elimu ya kutafakari mbingu. Ndivyo nafsi inavyotupambia mambo. Fedha zilikuwa zake, makubaliano yalikuwa yake, na mvua ilimwangukia yeye.

Kesho yake nikaileta kamera nyumbani, nikaiweka juu ya meza, nikamwambia nitaiuza. Mtu wa kwanza niliyemwonyesha aliitaka kwa shilingi 200,000. Mke wangu akakataa. “Ukiuza kwa hasara, hasara ni yangu tena,” akasema. “Iache. Zilipe kwa jasho.”

Nikazilipa kwa jasho. Nilifundisha vijana wa mtaani alasiri hadi Magharibi, na Jumamosi kutwa nzima. Nikaacha kupanda bodaboda, nikawa natembea kwenda shuleni. Mabati yaliezekwa katikati ya Januari, vuli ikiwa imekwisha kitambo. Kufikia hapo Andromeda nayo ilikuwa inazama magharibi mapema, na msimu wake kwetu unamalizika. Katika miezi ile yote kamera haikupiga picha hata moja. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kwa kanga kuukuu, na kila mmoja wetu alijifanya haioni.

Jambo moja nilijiruhusu, kwa kuwa halikugharimu kitu: kusoma na kuunda. Ukiiacha kamera wazi dakika moja, dunia huwa imezunguka, na nyota zote huwa vijistari. Wenye fedha hununua mashine inayoifuatisha kamera na mwendo wa anga. Wasio nazo hutumia mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, kama kitabu, na bolti inayoufunua ubao wa juu polepole. Anga hukamilisha mzunguko katika saa 23 na dakika 56. Ukichukua bolti ya milimita 6, ambayo kila mzunguko wake mmoja husogea milimita 1, ukaiweka milimita 229 kutoka kwenye bawaba, basi ukiizungusha mara moja kwa dakika, ubao wa juu utafunuka kwa kasi ya anga yenyewe. Mbao niliokota kwenye mabaki ya kenchi za jiko. Bolti na bawaba vilinigharimu pungufu ya shilingi 5,000, na safari hii niliomba ruhusa kwanza.

Sharti gumu ni moja: bawaba lazima ilale sambamba na mhimili wa dunia. Katika nchi za kaskazini watu huielekeza kwenye nyota ya Kutubu, kazi ikawa imekwisha. Sisi huku nyota hiyo hatuioni, iko chini ya upeo wa macho. Nilikaa siku nyingi nikiwaza, mpaka alfajiri moja, nikiwa nimekaa juu ya mstari wa saruji baada ya sala, nikaona kwamba nimeketi juu ya jibu. Makka iko karibu kabisa kaskazini mwetu. Kutoka Tanga, Kibla kimeiacha kaskazini halisi kwa nyuzi moja na nusu tu kuelekea mashariki, kiasi cha upana wa kidole ukinyoosha mkono mbele yako.

Nikaupima mstari wa baba kwa njia ambayo kila mwenye nyumba anaweza kuitumia. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana kwa saa zetu, ambazo ndizo saa za Makka pia, jua huwa juu kabisa ya Kaaba, na huwa hivyo tena tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27. Dakika hiyo simamisha fimbo iliyonyooka, na kivuli chake kitalala kinyume cha Kibla. Mwezi wa Mei nilisimamisha fimbo, Zuhura akashika saa. Kivuli kililala juu ya mstari wa babu yake kana kwamba kimepigwa rula. Mzee hakuwa na kipimo chochote zaidi ya dira ndogo na subira yake. Nililia kidogo, na Zuhura akajifanya anakagua saa.

Basi nikaiweka bawaba sambamba na mstari, nikaipinda kidogo kuondoa nyuzi moja na nusu, na upande wake wa kusini nikauinua nyuzi tano, kwa kuwa Tanga iko nyuzi tano kusini mwa ikweta. Kwa ubao wa sentimita 30, hicho ni kipande cha mbao chenye unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Nikaingoja Novemba.

Novemba ikaja na mawingu yake. Kwa siku kumi na moja sikuona nyota. Usiku wa kumi na mbili mvua ilinyesha jioni, anga ikasafika, na mwezi ulikuwa mwandamo. Nilitoka uani peke yangu nikiwa na kamera, mbao, na kifuniko cha sufuria nilichokifunga kwenye bolti, nikakichora mistari 60 kama uso wa saa. Kazi ya kuzungusha ilinishinda mara ya kwanza: nikitazama saa, taa yake yaniharibia macho, nikiacha kuitazama, mkono waenda mbio. Picha tatu za mwanzo zilikuwa michirizi mitupu.

Nikasikia mlango. Mke wangu alitoka na tasbihi yake mkononi, akavuta kibao cha mbuzi, akakaa karibu na kifuniko chake cha sufuria. “Kila sekunde mstari mmoja?” akauliza. Nikamwambia ndiyo. “Basi wewe shika kamera yako. Mimi nilikuwa namtaja Muumba ndani, nitamtaja hapa.” Tulipima kwanza kwa saa. Kila “Subhanallah” yake ilichukua sekunde moja, si zaidi sana wala si pungufu sana, na kwa kila moja kidole chake kikakisogeza kifuniko mstari mmoja. Sitini zikitimia, nafunga kamera. Kisha tunaanza tena. Hatukuzungumza. Andromeda ilikuwa imesimama juu ya ukuta, mbele ya mstari wa saruji, nasi tulikuwa tumeielekea kama tunavyoelekea mara tano kwa siku.

Tulipiga picha 45. Kumi na nne ziliharibika: nyingine kwa kiwingu cha kweli kilichopita, nyingine kwa taa ya jirani, na moja kwa kupiga chafya. Zilizobaki 31 niliziunganisha kwa programu ya bure kwenye kompyuta. Picha moja ya dakika moja hujaa chengachenga, lakini chenga hizo hubadilika kila mara na nuru ya galaksi haibadiliki mahali pake. Ukizipanga picha juu ya picha, chenga huondoana, nuru ikabaki. Lilitokea yai la mwanga lililolala mshazari, kitovu chake kikali, na upande mmoja ukanda mwembamba wa giza, ambao ni vumbi lililo baina ya mikono ya ule msokoto. Pembeni likatokea doa dogo: galaksi nyingine ndogo iliyo jirani ya ile kubwa. Si picha ya kuwashangaza wenye mitambo. Ni ya kwetu.

Nilimwita mke wangu. Alisimama nyuma ya kiti changu kwa kitambo. “Kwa hiyo haya ndiyo mabati yangu kumi na tano,” akasema.

“Ndiyo.”

“Na hapo mna nyota ngapi?”

“Wataalamu wanakadiria trilioni moja.”

“Na nuru yenyewe imesafiri miaka mingapi?”

“Milioni mbili na nusu.”

Akatikisa kichwa. “Basi yenyewe haikuwa na haraka,” akasema. “Nawe ungeweza kungoja miezi mitatu.”

Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata. Picha tuliichapisha, ikatundikwa sebuleni kwa ridhaa yake, na Zuhura amesharejea somo la nuru kwa kulitazama lile yai. Novemba hii, Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai na anga safi, tutatoka tena watatu.

Lakini upatu wake sasa anauhifadhi mwenyewe. Zamu yake ilipofika mwaka huu alikwenda dukani kwa miguu yake, akanunua alichokikusudia, akaniletea risiti niione. Simlaumu. Nimejifunza kwamba zipo nuru zinazochukua muda kufika, na anayezingoja hana budi kukaa mahali pake, ameelekea upande ulio sawa, bila ya kuharakisha mkono.